Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Mheshimiwa, shida yetu ni lango

Mheshimiwa Waziri,

Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya. Mimi huku Mombasa sijambo, ila bega la kulia halijakaa sawa tangu Jumapili, na mwanangu wiki hii anakwenda skuli na viatu vya dadake.

MINTARAFU: KUINGIA UWANJANI UKIWA NA TIKITI

Mimi ni fundi wa kushona, Mheshimiwa. Sare za skuli, kanzu, na Ramadhani ikikaribia silali. Mtoto nilikuwa nimemuahidi kwamba akifanya vizuri mtihani nitampeleka Nairobi akaone mpira kwa macho yake, si kwenye televisheni ya kinyozi. Akafanya vizuri. Nikanunua tikiti mbili kwa simu siku tano kabla ya mechi, nikalipa, nikapata ujumbe wenye nambari. Tukapanda treni ya usiku.

Uwanja sitautaja, wala waliouza tikiti, kwa sababu sitafuti kesi na wakili wa kunitetea sina. Mechi ilikuwa saa tisa alasiri. Sisi tulifika saa sita na nusu, na mbele yetu palikuwa na foleni ya kawaida tu, watu wametulia, wanakula njugu. Nilihesabu malango manne upande ule. Lililofunguliwa lilikuwa moja, na hilo moja bawa lake la kushoto limefungwa kwa mnyororo. Kijana wa kukagua tikiti alikuwa na simu moja. Saa nane kasorobo ile simu ikazima. Chaji imekwisha! Akaondoka kwenda kutafuta pa kuchaji, akatuacha pale na lango limefungwa, jua la utosi.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja aliyesema alikuwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, mwaka 1987, siku Gor Mahia walipochukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, 2-2 kule kwao na 1-1 hapa kwetu. Akaniambia siku ile aliingia bila hata kusukumwa. Sijui kama alikuwa anatia chumvi. Alikuwa hajamaliza hadithi yake msukumo ulipoanza kutoka nyuma, wale wasio na tikiti wamefika na wameona lango limefungwa na wenye tikiti wamekwama, wakaona hapa hakuna tofauti kati yetu na wao. Na kweli haikuwepo. Kisha vitoza machozi.

Sitaeleza yote. Kuna dakika nilikuwa simuoni mtoto. Dakika mbili labda, labda tatu. Yeye anasema ilikuwa kidogo tu, lakini yeye ana miaka 11 na mimi ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Askari mmoja kijana alimnyanyua kutoka chini akampitisha juu ya vyuma. Viatu vikabaki, vyote viwili. Bao la kwanza tulilisikia tukiwa nje, kando ya barabara, namuosha macho kwa maji ya chupa niliyoyanunua shilingi mia moja, kwa sababu hata maji siku ya mechi yanapanda bei. Nusu ya pili tukaenda stesheni kungojea treni.

Fedha za tikiti sizidai, Mheshimiwa. Nilishapiga ile nambari ya huduma, ikaniambia nisubiri, nikasubiri mpaka salio likaisha.

Sasa nimekaa kwenye cherahani nafikiri: hii ilikuwa mechi ya kawaida, watu hawakujaza hata nusu. Na sisi ndio tuliopewa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027?

Nakumbuka siku yenyewe, tarehe 27 Septemba 2023, walipotangaza kule Cairo kwamba Kenya, Uganda na Tanzania wataandaa pamoja. Mimi ni katika waliopiga vigelegele, fundi mzima wa miaka 50 na kitu. Lakini kwa heshima zote, Wakenya ni hodari wa kupewa mashindano. Kuyaandaa ndiko kunakotushinda. Tulipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, likachezwa Afrika Kusini, na wenyewe wakalitwaa. Tulipewa CHAN ya 2018, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na Septemba 2017 CAF, wenye soka la Afrika, wakatunyang'anya, ikaenda Morocco. Juni 2024 timu yetu ya taifa iliikaribisha Kodivaa "nyumbani", na nyumbani penyewe palikuwa Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hatukuwa na uwanja hata mmoja wa kupigia mpira wa kimataifa. Sijapata kuona mwenyeji anayemkaribisha mgeni sebuleni kwa jirani.

Na viwanja tulivyoahidiwa? Mwaka 2013 kampeni ilikuja na ahadi ya viwanja vitano vya kimataifa: Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Nilikata picha ya gazeti nikaibandika dukani. Aliyekuwa mgombea mwenza katika kampeni ile ndiye Rais wetu leo, kwa hiyo naamini hajasahau. Ile picha imeliwa na mende, lakini Mombasa ilikuwa bado inasomeka.

Hapa niruhusu nitoke kidogo kwenye mada, maana mimi ni mtu wa Pwani na nikinyamaza nitapasuka. Mji huu ulitoa mabingwa wa ligi ya taifa ya soka mwaka 1965, timu ya Feisal. Mwenge, Feisal, baadaye Coast Stars. Watu walikuwa wakitoka msikitini Ijumaa tayari wanabishana. Mwaka 2007 ulimwengu mzima ulikuja hapa kwenye mbio za nyika za dunia, na joto la Machi likamshinda hata Bekele, yule bingwa wa Ethiopia, akatoka njiani. Wageni walikuja, wakala, wakaondoka salama. Kisha Uwanja wa Manispaa ukabomolewa tujengewe wa kisasa, na kilichobaki kwa miaka na miaka ni zege, nondo na mbuzi. Watoto waliozaliwa wakati huo sasa wako skuli ya msingi, hawajawahi kuona mechi pale. Ngoma ya AFCON ikilia Nairobi, sisi tutaisikia kwa redio, na yule mwenye hamu atapanda treni kama nilivyopanda mimi. Basi.

Narudi kwenye lango.

Najua nitajibiwa kwamba sasa mambo ni tofauti. Kwamba kuna Talanta pale Jamhuri, viti 60,000, uliotafutiwa fedha kwa hati fungani ya shilingi bilioni 44.79 ambayo tutailipa kwa miaka 15. Vizuri. Mimi sina neno na Talanta, nasikia ni uwanja mzuri na nitakuja kuulipia kwa kodi ya uzi na vifungo. Lakini viti havijawahi kumuumiza mtu, Mheshimiwa. Watu wanaumia kabla ya kukifikia kiti.

Angalia CHAN ya Agosti 2025, tuliyoiandaa na hao hao majirani. Uwanjani tulikuwa watu. Tuliifunga Congo ya Kinshasa, tukatoka sare na Angola, tukaifunga Morocco 1-0 kipindi cha pili kizima tukiwa wachezaji 10, na Morocco hao hao ndio waliokuja kunyanyua kombe pale pale Kasarani baada ya kuishinda Madagascar 3-2. Siku tulipoifunga Morocco nililia kwa furaha. Nje ya uwanja je? Watu wasio na tikiti wakivunja na kuingia, wenye tikiti wakirudishwa, faini juu ya faini, na kabla hata makundi hayajamalizika CAF wakatupunguzia watazamaji hadi 27,000 katika mechi za Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na kuonya kwamba tukiendelea mechi zitahamishwa. Yaani mwenye nyumba ameambiwa na mgeni: punguza watu wa kwenu, wanasumbua. Tena kwenye mashindano madogo! AFCON itakuja na mashabiki wa Senegal na ngoma zao, Wamisri, Wanigeria, na kamera za dunia nzima.

Wakati huo huo ahadi ya shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi ilipatikana haraka sana. Sina kinyongo, vijana walistahili. Nauliza tu kama katika ukarimu ule hakukubaki hata thamani ya chaja mbili za simu za kuweka langoni.

Unajua watu saba walikufa uwanja wa Nyayo, Nairobi, mwaka 2010? Tarehe 23 Oktoba, Gor Mahia na watani wao AFC Leopards. Walikwenda kutazama mpira wakakanyagwa wakiingia. Wengine tumesahau kwa sababu mwaka uliofuata mechi hiyo ya watani ikachezwa tena, na uliofuata, na maisha yakaendelea. Na Januari 2022, kwenye AFCON yenyewe, pale uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, wakafa watu wanane. Mechi ile huku Pwani tuliifuata sana kwa sababu ilikuwa Cameroon na Komoro, na nani katika Mji wa Kale hana jamaa Mngazija? Makipa wa Komoro walikuwa wameumia au wana Korona, langoni akawekwa beki, Chaker Alhadhur, nambari tatu ya jezi imebandikwa kwa utepe. Tulicheka, tukashangilia, M'Changama wa Komoro akafunga kwa ile faulo yake. Asubuhi ndipo tukajua kwamba tulipokuwa tukicheka watu walikuwa wakifa nje. Na rais wa CAF mwenyewe, Patrice Motsepe, alisema lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Lango limefungwa, Mheshimiwa. Sikusoma mahali, nimeliona Jumapili. Lilikuwa na mnyororo na kufuli dogo la rangi ya dhahabu, kama la sanduku la nguo.

Kwa nini linafungwa sijui. Nashuku wanaona lango moja ni rahisi kulinda kuliko manne. Nashuku pia, na Mungu anisamehe kama ni dhana mbaya, kwamba lango moja ni rahisi kulifanyia biashara: wewe uliyenunua kwa simu ukisubiri kule, mwenzako anampa mtu kitu mkononi anapita pembeni. Nilimuona mmoja. Labda alikuwa mfanyakazi. Labda hakuna nia mbaya yoyote, ni kwamba mwenye funguo hakuja kazini. Kwetu mambo mengi huishia hapo, mwenye funguo hakuja.

Sisemi kwamba hatuwezi. Julai 2017 mashindano ya riadha ya dunia ya vijana yalijaza Kasarani pomoni siku ya mwisho, watoto wa skuli kwa maelfu, na Wazungu wakaondoka wakitusifu. Kwa hiyo tukitaka tunaweza, na ndilo linaloniuma zaidi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai saba, nimeyapanga kwa nambari. La kwanza lilikuwa Uwanja wa Manispaa. La pili, mechi hata moja ya AFCON ije Pwani. La tatu, mtu awajibishwe. Kulikuwa na la viti kuwa na nambari na nambari hizo kufuatwa, na la kizuizi cha kwanza kuwekwa mbali na uwanja, ili asiye na tikiti arudi kabla hajafika kwenye ukuta na kumbana mwenye nayo. La kupima mambo yote haya kwenye mechi za ligi, sasa, kila wikendi, na si kungoja wageni wafike ndipo tujifunze juu yao. Nimeyafuta, kwa sababu najua orodha ndefu husomwa na katibu, hutiwa muhuri, hutiwa kwenye faili.

Nabaki na moja. Fungua malango. Malango yote ya uwanja yafunguliwe masaa matatu kabla ya mechi, yenye watu wa kutosha na mashine zenye chaji, na mwenye tikiti aingie. Kama lango ni la kufungwa, lisijengwe, ukuta ni rahisi zaidi. Hata usipojenga kitu kingine mpaka 2027, hata Manispaa ibaki ya mbuzi, nitanyamaza. Lakini fungua malango.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi bega langu halijapona bado, na mgeni mwenyewe hajafika.

Mwanangu aliniuliza kwenye treni kama AFCON tutakwenda. Nikamwambia alale.

Wako mtiifu,

Fundi cherahani, Majengo, Mombasa

Nakala kwa: Askari kijana, jina silijui, aliyempitisha mtoto juu ya vyuma. Ahsante, kaka. Na kama viatu uliviona, ni vyeusi, nambari 36.