Mwamba wako ufanane na wa huku kwetu

Malindi

Athmani ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Natumai nyote wazima huko Shela, Lamu, mama na watoto pia, na mama mwambie nimepata salamu zake. Picha ulizonitumia nimeziangalia zote na ile ya mwisho nimeirudia sana, ile puli ya kuogelea yenye majabali ya kijivu na maji yanaporomoka, na nimefurahi kusikia umeamua kujenga kama hiyo nyuma ya nyumba ya wageni. Unajua kazi hii ya kuchonga mawe ya simiti ndiyo inayonipa riziki na naipenda, kwa hivyo barua ikiwa ndefu niwie radhi, nataka ujenge kitu ambacho hata mjukuu wako atakiona kizuri.

Nianze na lile ambalo huenda usilipende. Yale majabali kwenye picha ni ya graniti, ya mviringo, ya nchi zenye milima na baridi, na huko kwao yanapendeza kwa sababu ukiinua macho unaona mlima yametoka wapi. Shela mlima uko wapi? Una mchanga, una bahari, una kuta za matumbawe na chokaa, sasa ukiweka jabali la kijivu katikati ya hapo jicho la mtu litalikataa hata kama hajui sababu. Ninachokuomba panda basi uje huku tushuke mpaka Watamu siku ya bamvua, zile siku bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, maji yakiwa yametoka, uangalie vile visiwa vidogo vya mwamba vilivyosimama kwenye ghuba. Juu vimetanuka, chini vimeliwa vikapata kiuno, vina matundu, vina ncha kali, rangi yake juu ni nyeusi nyeusi iliyopigwa jua na chini ni ya krimu. Ule ni mwamba wa matumbawe ya kale, zaidi ya miaka 100,000, ulikufa bahari iliposhuka, na kile kiuno kimechongwa na mawimbi pamoja na vidudu vinavyotoboa pale maji yanapopanda na kushuka kila siku. Bahari yetu bamvua inapanda zaidi ya mita 3, ndio maana kiuno kinakuwa kirefu vile.

Na kile kiuno Athmani ndio zawadi yenyewe! Ukikijenga pembeni ya puli unapata kivuli juu ya maji, watoto wanakaa chini yake mchana wa saa saba bila kuungua, na ule mdomo wa juu ndipo maji yatakapotokea. Hakuna haja ya kubuni mlima.

Lakini usiende kubeba mawe ya baharini. Malindi na Watamu bahari imekuwa hifadhi tangu 1968 na kubeba matumbawe ni marufuku, na hata huko kwako ule mwamba ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Na yale ya kuchimbwa bara, ya kujengea nyumba, ni mazuri kwa ukuta ila kwa puli siyapendi, yananyonya maji, yanashika ukijani kwenye kila tundu, yanakata miguu, halafu ni chokaa tupu kwa hivyo ukitia asidi kwenye maji yanalika pole pole. La simiti unaamua mwenyewe wapi liwe kali kwa macho na wapi liwe laini kwa mguu.

Kuna mtu atakwambia ya simiti hayadumu. Mwambie Paris kuna bustani ya Buttes-Chaumont, ilifunguliwa 1867 mahali palipokuwa machimbo, wakajenga pango lenye mawe ya simiti yanayoning'inia juu, na pango lipo mpaka leo ingawa limekarabatiwa. Yanayokufa haraka ni yale yaliyojengwa ovyo na huku pwani kinachoua ni chumvi. Chuma kikipata chumvi kinapata kutu, kutu inavimba inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, simiti inapasuka, maji yanaingia zaidi. Kwa hivyo mchanga wa ufukweni hapana, hata fundi akikwambia ameuosha, na maji ya kisima cha chumvi kwenye mchanganyiko hapana. Zege la puli lenyewe lifunike chuma angalau sentimita 5. Kwenye mwamba wa bandia gamba huwa jembamba halifiki unene huo kila mahali, ndio maana nakushauri uchanganye nyuzi za kioo zile zinazotengenezwa maalum kwa simiti, na pale karibu na maji chuma kiwe kile kisichoshika kutu. Ni ghali, najua, ila hapo usibane pesa, bana kwenye taa za rangi.

Sasa kujenga kwenyewe. Mwamba usiukalishe juu ya sakafu ya pembeni ya puli, uchimbie msingi wake au uutoe kwenye msingi mmoja na ukuta wa puli, manake ardhi yako ni mchanga na vitu viwili vyenye uzito tofauti vikishuka tofauti ufa utatokea pale pale maji yanapopita. Ndani uwe mtupu kama gamba la kobe, unakunja vyuma vinapata umbo, unafunga waya wa kuku, unapiga plasta ya kwanza na kuikwaruza, kisha ya pili nene kidogo. Hiyo ya pili ndiyo ya kuchongwa na ina saa yake, ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakizami, hapo ndipo unaingia na mwiko, kisu, brashi, hata mfuko wa plastiki uliokunjwakunjwa unaubandika na kuubandua. Fundi asiyejua atachonga nyufa kila upande zisizo na mpango, wakati mwamba wa kweli una tabaka zake na zote zinalala upande mmoja, ukiona tabaka inapanda huku nyingine inashuka bila sababu ujue huo umetoka kichwani mwa mtu. Baada ya hapo magunia mabichi, yamwagiwe maji wiki nzima bila kukosa, jua la kaskazi, msimu wa joto, likikaushia simiti haraka inakuwa unga.

Rangi ni maji maji ya oksaidi, ule unga wa rangi wa madini, nyembamba, inapulizwa na kufutwa na sponji, tabaka juu ya tabaka, nyeusi kwenye matundu na krimu kwenye migongo. Rangi ya ukutani usiiguse, itabanduka.

Kuhusu maporomoko, pampu yake iwe mbali na ile ya filta ili wageni wakilala uizime. Kwa kila sentimita 30 za upana wa mdomo unahitaji kama lita 4,500 mpaka 6,500 kwa saa, ukiweka kidogo maji yanachuruzika tu. Chini ya mdomo fundi akate kijifereji, bila hicho maji yanarudi nyuma yanafuata mwamba na hayaanguki. Nyuma ya njia yote ya maji weka ngozi ya kuzuia maji kabla ya plasta. Na mwamba uukalishe upande wa kusini! Kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma miezi ile yote manyunyu yatapeperushwa yaangukie kwenye puli, ukiuweka kaskazini yanapotelea bustanini na unajaza maji kila siku.

Maji ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko yote. Ramani yako ni mita 12 kwa 6, kina cha wastani mita 1.5, hiyo ni lita 108,000. Ukifanya 8 kwa 4 na kina cha mita 1.4 ni kama lita 45,000, chini ya nusu, na kwa vyumba ulivyo navyo inatosha kabisa. Wewe mzawa wa huko unajua kuliko mimi kuwa mji wa Lamu unakunywa kutoka kwenye yale machuguu ya mchanga ya Shela. Kwa hivyo mashine za kutengeneza klorini, dawa ya kusafisha maji, kwa chumvi, wanazozisifu sana siku hizi, mimi kwako nazikataa, klorini ukiiacha juani kwenye tangi inapungua lakini chumvi haiendi popote, ukimwaga maji itashuka mchangani mpaka kwenye maji ya watu. Tumia klorini ya kawaida, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, iwe 7.2 mpaka 7.6. Miezi ya kwanza utapima mara kwa mara maana simiti mpya inapandisha pH, na maporomoko nayo yanaipandisha. Maji ya kuoshea filta yaende kwenye tangi kwanza, kisha mbali na visima vyote. Na usije ukaikausha puli wakati wa mvua kubwa au bamvua, kama kiwanja kiko chini maji ya ardhini yanaweza kuisukuma juu nzima nzima, fundi aweke vali ya kupunguza nguvu hiyo chini kabisa.

Yale matundu niliyoyasifu, kila moja liwe na njia ya kutolea maji. Unakumbuka homa ya chikungunya ya 2004 iliyoenezwa na mbu, mbu wa namna ile anahitaji maji kidogo sana kuzaa. Siku ya mwisho kabla ya rangi mwaga ndoo ya maji juu ya mwamba wote, utakapoona yametuama toboa.

Na watoto watapanda, hilo halina mjadala. Mahali wanapoweza kusimama na kuruka ama kina kiwe cha kutosha chini yake ama pachongwe mwinuko mkali pasipandike. Matundu ya pampu ya kunyonya maji ndani ya puli yawe mawili yaliyoachana, na umeme uwe na swichi ya kujikata yenyewe ukivuja.

Kubeba vitu kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua na kisha punda ni gharama, ndio sababu nyingine ya kufanya ndogo. Nitumie vipimo vya kiwanja, kisima kiko umbali gani na picha ya ukuta wa upande wa kusini, nikichora nitakuletea mwenyewe. Simiti usinunue kwanza, ikikaa kwenye unyevu wa huko inaganda mfukoni.

Wako,
Mbarak