Sichagui, Rehema

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama anakusalimia sana na anauliza utashuka lini. Nimeona nikuandikie barua kabisa, maana hili halienei kwenye meseji.

Tulipoongea mara ya mwisho uliniuliza mtu mzima ninasomaje hadithi za majoka na wachawi, halafu wiki hiyohiyo ninalia na kitabu cha mtoto aliyetenganishwa na mama yake. Ukasema nichague moja. Sichagui, Rehema. Kwangu vyote viwili vinanigusa palepale: mtu anaondoka kwao, na akirudi, kama atarudi, hakuna kinachomkaa tena.

Chukua The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Wengi husifia vita vyake. Mimi vita ninavipita haraka. Ninayekaa naye ni Frodo, mhusika mkuu. Kazi aliyotumwa imekwisha, amerudi kijijini, majirani ni walewale, lakini yeye hawezi tena kuishi pale. Jeraha la begani haliponi. Tarehe ya kujeruhiwa ikifika, linamrudia. Mwisho anapanda meli anaondoka, na rafiki yake Sam anabaki ufukweni. Ukijua kwamba Tolkien mwenyewe alipigana Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwamba kufikia 1918 rafiki zake wote wa karibu walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja, huwezi tena kusema hadithi hii inakimbia maisha. Imebeba msiba.

Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta. Mwenyewe wa kwanza aliifuata safari kwenye ramani kwa penseli, kituo hadi kituo, mpaka milimani. Hapo mstari umekatika, na karatasi imekwaruzika kama mtu aliyefuta na kuchora mara nyingi. Nimemwaza sana msomaji huyo. Nikachukua penseli yangu nikaendelea pale alipoishia.

Na usiniambie mambo haya ni ya Wazungu. Kusadikika ya Shaaban Robert, tuliyoisoma kwa ajili ya mtihani tu, ni ya 1951, na nchi yake iko angani! Karama amesimama kizimbani, na anachojitetea nacho ni visa vya wajumbe sita waliotumwa mbali, mmoja hata mbinguni, kuitafutia nchi yao mema. Walirudi na hayo mema, wakatupwa gerezani. Nimeirudia juzi na kifua kikanibana. Shuleni tuliambiwa tutafute dhamira na maudhui. Hakuna aliyetuuliza mjumbe alijisikiaje kufungwa na watu aliowahangaikia.

Sasa Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis ameitafsiri Kiswahili kizuri mno, kisichonuka tafsiri. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anafurahi kila tajiri Aziz anapowatembelea, kwa sababu humpa sarafu. Siku moja anaambiwa anasafiri naye, anapanda treni, na hajui kwamba baba yake amemtoa kulipia deni. Hakuna joka humo, lakini kuna msafara unaoingia bara ambao una hofu kuliko msitu wowote wa wachawi, na kuna bustani ambayo ningetamani niione kwa macho. Nilikuwa nikiisoma kwenye mwendokasi asubuhi, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, na nilikuwa ninaombea foleni ya Magomeni iwe ndefu.

Huyu Yusuf na Frodo wangeelewana. Hilo ndilo ninalotaka ulione mwenyewe, wala sitaki kukushinda kwa maneno.

Kwa hiyo nimekifunga kitabu cha Peponi vizuri kwenye mfuko wa nailoni na kesho nitakipeleka Kituo cha Magufuli, kije na basi la usiku. Nimekupigia mistari sehemu chache, usizitangulie. Ukifika pale Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, anapomweleza Yusuf kwamba Aziz si ndugu yake, nipigie, hata ikiwa saa saba usiku.

Wako akupendaye,
Zuhura