Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wazazi wa watoto wenye moyo wa chemba moja

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kila robo mwaka, kuwatembelea waliolazwa na zoezi la kuchangia damu vilifanyika kama mnavyojua. Kumbukumbu anazo katibu.

Lililoleta maneno ni uamuzi wa kamati kutoa shilingi 3,600,000 za mfuko wa dharura kulipia vipimo vya watoto 24 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa Fontan. Mmelalamika hadi usiku kwenye kundi letu kwamba fedha zimekwenda kwa watoto wanaocheza mpira huku wachanga wakisubiri.

Nausimamia uamuzi ule, na ni mimi niliyeufikisha mezani. Upasuaji huo, tangu ulipofanywa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, haumpi mtoto chemba ya pili ya kusukuma damu. Mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka mwilini huunganishwa moja kwa moja na ateri ya mapafu, damu iende bila pampu. Ili iende, shinikizo ndani ya mishipa hiyo lazima liwe juu maisha yote, na ini huumia polepole. Ndiyo maana tulilipia picha ya ini na kipimo cha albumini, yaani protini iliyomo kwenye damu. Albumini ikishuka, mtoto akavimba uso na tumbo na kuharisha kusikokoma, huenda protini inavujia kwenye utumbo.

Chemba yenyewe, kabla ya upasuaji, ilibeba damu ya mwili na ya mapafu kwa pamoja, ikatanuka na misuli ikawa minene. Mzigo ukishapungua, bado hubaki ngumu kulegea na kupokea damu. Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inaweza kuonyesha chemba inasukuma vizuri wakati shinikizo la kujaa kwake limeshapanda, kwa hiyo eko peke yake haitoshi. Valvu, yaani mlango wa moyo unaozuia damu kurudi nyuma, ikivuja, kazi huongezeka. Iliyobaki ikiwa ni chemba ya kulia, iliyoumbwa kupeleka damu mapafuni tu, huchoka mapema zaidi. Mtoto halalamiki, maana hajawahi kuwa na nguvu nyingine ya kulinganisha.

Katika wale 24, watatu wamebadilishiwa dawa, na mmoja amekutwa na hitilafu ya mapigo kwenye kipimo cha saa 24. Punguzo la bei nililifuatilia mwenyewe. Akidi ilitimia na katiba inaturuhusu.

Nawasihi pia: msikatishe aspirini wala wafarini, dawa za kuzuia damu isigande, kwa kuwa mtoto ana nafuu. Akiharisha au kutapika, awahi maji na hospitali. Maji yakipungua mwilini, damu ya kufika mapafuni nayo hupungua. Mwacheni atembee na kucheza kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari, kwani misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kurudisha damu juu.

Mahudhurio yanasikitisha. Mkutano wa Juni walifika 11 kati ya wanachama 62. Ada ya shilingi 60,000 wamelipa kamili 19, nusu 14, na 29 hawajatoa hata senti; tunadai shilingi 2,160,000. Baadhi ya waliopinga uamuzi kwa sauti kubwa wamo katika hao 29, na inaniuma.

Mwakani tunatumaini kupata wafadhili, na tukijaliwa, kuzungumza na madaktari wa moyo wa watu wazima, kwa kuwa watoto wetu wanakua.

Ambaye mtoto wake hajapimwa mwaka huu, ampe katibu kadi ya kliniki leo kabla ya chai.

Mwenyekiti