Barua kwa wanafunzi mnaotafuta mada ya insha ya fizikia

Wajukuu zangu mlioko sekondari, marahaba wote mlioniamkia wiki hii. Maswali yenu naona ni yale yale, babu nisaidie mada, babu nipe topiki ya insha ya utafiti, siku ya kukabidhi inakaribia na sina hata kichwa cha habari. Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike mara moja wote msome.

Nimefundisha fizikia miaka 32, na hata baada ya kustaafu bado walimu wa hapa Tanga huwa wananiletea insha za wanafunzi nizipitie. Zinazoniumiza sio zile zenye makosa ya hesabu, hesabu inarekebishika, zinazoniumiza ni zile ambazo mwanafunzi mwenyewe hayumo ndani. Mtoto anaandika shimo jeusi, kurasa kumi na tano, nyota inavyoporomoka, mwanga unavyoshindwa kutoka, yote kweli na yote kayatoa kwa watu wengine, ukimuuliza sasa wewe hapa umepima nini anakutazama tu. Siwakatazi kusoma habari za shimo jeusi, someni hata usiku kucha, mimi pia nazipenda. Ila insha ya utafiti inataka namba uliyoipata wewe, kwa mkono wako, na ukiulizwa umeipataje uwe na la kusema.

Mchukueni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, kabla hata ya Muungano, alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, kule Lushoto juu, na pale shuleni wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa unachanganya na sukari unaacha yapoe ndo unaweka friza. Siku hiyo nafasi ya friza inagombaniwa, mwenzake akaweka ya kwake bila kuchemsha, Mpemba akaona akisubiri yapoe nafasi itaisha, akayatumbukiza yakiwa ya moto vile vile. Baada ya kama saa moja na nusu wanarudi kuangalia, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito tu. Akamuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, ikawa ni kuchekwa, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia. Mpaka siku Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipowatembelea, kijana akasimama mbele ya wote akauliza: vyombo viwili sawa, maji ujazo sawa, haya nyuzi 35 haya nyuzi 100, yote yanaingia friza, kwa nini ya 100 yanatangulia kuganda? Osborne hakuwa na jibu, lakini hakucheka, alirudi Dar akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, mwanafunzi na mhadhiri.

Sasa acheni sifa, litazameni lile swali lenyewe lilivyokaa. Vyombo sawa, ujazo sawa, friza moja, kilichobadilishwa ni kimoja tu, joto la kuanzia, na kinachotazamwa ni kimoja, kipi kinaganda kwanza. Hiyo ndo mada. Na ilitoka kwenye maziwa.

Hapa kuna jambo langu mwenyewe nalisema wazi maana linanikaa moyoni. Miaka ya nyuma kijana mmoja wa darasani kwangu aliniletea swali, kwao ni wapiga ngoma, akataka kujua kwa nini ngoma inapashwa moto kabla ya shughuli, na akiipasha dakika tano na akiipasha dakika kumi sauti inapanda kwa kiasi gani. Nikamwambia hayo peleka kwa watu wa utamaduni, mimi niletee fizikia. Akaniletea insha ya nyuklia aliyoinakili, nikampa maksi. Miaka mingi baadae ndo nimekaa nikaelewa nilichomfanyia, tena mimi niliyekuwa nawasimulia habari za Mpemba kila mwaka! Ngozi inanyonya unyevu wa hewa inalegea, moto unaikausha inakaza, na frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) inafuata kipeuo cha pili cha mkazo, yaani mkazo ukizidi mara nne frikwensi inapanda mara mbili. Kijana alikuwa ameshika fizikia halisi mkononi nami nikamnyang'anya.

Kwa hiyo siku hizi mtu akija kwangu simpi mada, namuuliza nyumbani kwenu kukoje. Kuna binti alikuja na kichwa cha habari kinaitwa nishati mbadala kwa maendeleo ya Afrika, nikamwambia mwanangu hiyo ni kazi ya wizara nzima, wewe una wiki sita na rula. Nikamuuliza maji ya kunywa kwenu mnaweka wapi, akasema mtungini, bibi hataki ya friji. Haya, yanapoa kwa nini? Akasema sababu ni udongo. Udongo unafanyaje? Hapo akanyamaza, akafikiri, akasema mtungi huwa unalowa kwa nje. Tukaenda hivyo hivyo mpaka swali likatoka mdomoni kwake sio kwangu: mtungi ukikaa barazani penye upepo na ukikaa ndani, maji yanapoa tofauti kwa nyuzi ngapi?

Ona sasa utajiri wa kitu kile. Kila gramu ya maji inayovukiza inaondoka na joto la kama jouli 2,400, na kupoza kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ni jouli 4,200 hivi. Mtungi wa lita 10 ukipungua gramu 100, joto lililoondoka linatosha kuyashusha maji karibu nyuzi 6, ingekuwa hakuna joto linaloingia toka nje. Lakini linaingia, ndo maana themomita haitakupa 6, na ile tofauti kati ya hesabu yako na themomita yako ndipo insha inapoanza kuwa insha. Vifaa vyake vilikuwa themomita ya kuazima shuleni, mizani ya dukani kwa jirani na saa ya simu. Halafu kuna unyevu wa hewa, huku pwani wakati wa masika mtungi unahangaika, Dodoma kiangazi unapoza vizuri, mwenye ndugu Dodoma tayari ana sura ya pili ya utafiti.

Vifaa msivitumie kama kisingizio. Kuna apu ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, inageuza simu yako kuwa kifaa cha kupimia, inasoma frikwensi ya sauti, mwendokasi unavyobadilika, usumaku. Penduli ya uzi na jiwe bado inafaa pia, ila usipime bembeo moja, pima 20 ugawe, maana kidole kikichelewa sekunde 0.2 kwenye bembeo moja umeharibu, kwenye 20 kosa linakuwa 0.01 kwa kila bembeo.

Mada ya Mpemba yenyewe mnaipenda sana lakini kwa friji ya nyumbani siwashauri. Inafunguliwa kila saa, umeme unakatika, barafu ya ndani inayeyuka chini ya chombo cha moto. Na upimaji wake ni mgumu kuliko unavyoonekana, mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walilirudia kwa uangalifu na wao hawakuuona huo mwujiza, wakaonyesha kwamba themomita ikipanda au ikishuka sentimita moja tu ndani ya maji jibu linaweza kugeuka. Hilo halimfanyi Mpemba mwongo, swali lake limewafanyisha watu kazi zaidi ya miaka 50. Na nyie mkipima mkakuta hakuna tofauti, andikeni hakuna tofauti, tafadhali sana msipike namba, mwalimu anayejua kazi yake anaziona.

Sola inafaa ukiipunguza. Mfano paneli ya silikoni ikipata moto inapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, pima asubuhi na mchana, mwagia maji upime tena, imetosha.

Kesho kabla ya kuandika chochote jaribuni kupima mara moja tu, hata vibaya. Ikishindikana kesho, wiki ya mwisho itashindikana pia, badilisheni mapema. Halafu nitumieni swali, sio kichwa cha habari, swali lenye alama ya kuuliza, nami nitasoma yote.

Na mwenye ngoma nyumbani aniandikie wa kwanza. Dakika tano motoni, dakika kumi, simu pembeni inasoma frikwensi. Lile swali bado nataka kuona namba zake.