Kiwango cha mwaka jana si ahadi kwa wanaotaka kusomea biashara

Kwa Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa tu, orodha za viwango vya kujiunga na vyuo vikuu huanza kuzunguka kwenye simu za wazazi. Mimi huwaelekeza wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua kozi katika shule ya kutwa hapa Taita Taveta, na wengi wao hutaka biashara: Shahada ya Biashara, uhasibu, ununuzi na ugavi, usimamizi wa wafanyakazi. Nimeshika kalamu kwa sababu orodha hizo zinasomwa visivyo, na anayeumia ni mtoto aliyejitahidi miaka minne.

Mzazi akiona, tuseme, 34.2 mbele ya jina la chuo, hudhani chuo kiliketi kikapanga kwamba mwenye pointi hizo ataingia na aliyepungukiwa ataachwa. Sivyo mambo yanavyokwenda. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, huwapanga walioomba kozi kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Pointi za yule aliyechukua nafasi ya mwisho ndizo huandikwa kuwa kiwango cha mwaka huo. Kwa hiyo kiwango hujulikana baada ya kazi kumalizika. Mwaka unaofuata wanakuja waombaji wengine, nafasi huenda zikaongezwa au kupunguzwa, na mtu wa mwisho anakuwa mwingine.

Angalia idadi tu. Katika KCSE ya 2023, watahiniwa 201,133 walipata C+ na zaidi, gredi ya chini kabisa ya kuombea shahada. Mwaka wa 2024 walifika 246,391. Hao ni zaidi ya 45,000 walioongezeka katika mwaka mmoja. Tena kuanzia 2023 wastani wa mwanafunzi hutafutwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi, tofauti na mpangilio wa zamani. Mtu anayelinganisha pointi za mwanawe na orodha ya kabla ya hapo anapima kwa kipimo ambacho hakitumiki tena.

Jambo la pili ni pointi zenyewe, na hapa naomba nafasi kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Gredi ya wastani pekee haimpeleki mtu kwenye kozi ya biashara. Kuna masomo manne ya kundi la kozi hiyo: Hisabati, Kiingereza au Kiswahili, na mengine mawili. Kila gredi ina pointi zake, kuanzia 12 kwa A, 11 kwa A-, na kushuka moja moja. Hesabu ambayo walimu huitumia kukadiria huchukua jumla ya pointi za masomo hayo manne ikigawanywa kwa 48, ikazidishwa kwa jumla ya masomo saba ya wastani iliyogawanywa kwa 84, ikatafutwa kipeuo cha pili, kisha ikazidishwa kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili wenye wastani wa B na jumla ya pointi 60 kila mmoja katika masomo saba. Wa kwanza ana Kiingereza B, Hisabati B-, Somo la Biashara B+ na Jiografia B+. Masomo yake manne yanafika 37, na hesabu inampa takriban 35.6. Wa pili ana Kiingereza B, Hisabati C, Somo la Biashara B+ na Jiografia B. Yeye ana 34 katika masomo hayo, na anapata takriban 34.1. Vyeti vyao vina B ileile na kijijini watapongezwa sawa, lakini mbele ya kozi inayogombaniwa pointi moja na nusu ni pengo kubwa. Sehemu kubwa ya pengo hilo imetoka kwenye Hisabati. Ndiyo maana huwa nasikitika sana nikisikia mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa kwamba biashara ni kimbilio la wasioweza hesabu. Kozi nyingi za biashara zina gredi ya chini inayodaiwa katika Hisabati, na aliyeikosa hafikiriwi hata kama pointi zake zinapita kiwango cha mwaka jana.

Kosa jingine ni kuchukulia kiwango kuwa cheo cha chuo. Kiwango cha juu kinaonyesha kwamba wenye pointi nyingi waliikimbilia kozi hiyo wakati nafasi ni chache, mara nyingi kwa sababu chuo kiko Nairobi na jina lake linajulikana. Kozi hiyohiyo katika chuo cha mbali inaweza kuwa na kiwango cha chini kwa sababu tu nafasi hazikujaa. Nimeona pia familia zikimsukuma mtoto aache uhasibu alioupenda tangu utotoni, ati pointi zake ni nyingi mno na zitapotea bure. Pointi zikishamwingiza mtu kwenye kozi anayoitaka zimefanya kazi yake.

Niongeze kwamba viwango hivi havimalizi kila kitu. Chuo Kikuu cha Strathmore, kwa mfano, kina mtihani wake wa kuingia, na anayekitaka lazima ajiandae kwa huo pia.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni hili. Mnapochapisha viwango vya kozi, wekeni vya miaka mitatu vikifuatana, ili msomaji aone kama kozi inapanda, inashuka au imetulia, na mweleze kwa sentensi moja kwamba hizo ni pointi za aliyeingia mwisho. Kwa KUCCPS, ninaomba kando ya kila kiwango ionyeshwe idadi ya nafasi na ya walioomba, kwa sababu kozi ya nafasi 40 na ya nafasi 400 haziwezi kusomwa kwa jicho moja.

Na kwa wazazi: Sh1,500 za maombi si pesa ndogo kwa nyumba nyingi hapa kwetu. Kabla ya kumwachia mhudumu wa saiba, yaani duka la intaneti, awachagulie, kaeni na mwalimu mmoja, mfungue akaunti ya mtoto ya KUCCPS, msome pointi zake rasmi za kundi la biashara. Kisha mpange machaguo yake hivi: moja lililo juu kidogo ya pointi zake, mawili yanayolingana nazo, na angalau moja ambalo kwa miaka yote mitatu limekuwa chini yake kwa pointi mbili au tatu, katika chuo ambacho atakubali kwenda kwa moyo mmoja akiitwa.

Mwalimu wa sekondari,
Voi