Nobel ya 2022 haikumzika Bohm

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa kama elektroni, yalinipendeza mpaka pale mwandishi aliposema kwamba Tuzo ya Nobel ya 2022, waliyopewa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger, imethibitisha kuwa maumbile yanaendeshwa kwa bahati nasibu. Haikuthibitisha hivyo, wala haikuizika nadharia ya mwanafizikia David Bohm, isiyohitaji maumbile yaendeshwe kwa bahati nasibu.

Majaribio yao yalipima hoja aliyoitoa mwanafizikia John Bell mwaka 1964. Kilichoanguka ni wazo kwamba matokeo ya vipimo yameshaamuliwa na, pamoja na hilo, kwamba kinachofanyika huku hakigusi kabisa kilicho mbali kule. Ukilegeza hilo la pili, la kwanza unaweza kubaki nalo.

Na nadharia ya namna hiyo ipo: matokeo yameshaamuliwa, ila kinachofanyika huku kinaweza kugusa papo hapo kilicho mbali kule. Mwanafizikia Louis de Broglie aliiwasilisha Brussels mwaka 1927, mwanafizikia mwenzake Wolfgang Pauli akambana kwa hoja, naye de Broglie akaiacha. David Bohm akaifufua mwaka 1952. Kwa Bohm, elektroni ina mahali pake wakati wote. Irushe kwenye kizuizi chenye nyufa mbili: yenyewe itapita ufa mmoja tu, ila wimbi linaloiongoza hupita zote mbili, na ndilo linaloipeleka kwenye mistari ileile ambayo majaribio huionyesha kwenye skrini. Bahati nasibu inatoka kwetu sisi, tusiojua elektroni ilianzia wapi hasa.

Wengi hawakumsikiliza. Mwanahisabati mashuhuri John von Neumann alikuwa ameandika mwaka 1932 uthibitisho kwamba nadharia ya matokeo yaliyoamuliwa kabla haiwezekani, na nani angebishana na von Neumann? Mwanahisabati Grete Hermann alibishana. Mwaka 1935 alionyesha dhana iliyoingizwa kwenye uthibitisho ule bila sababu ya kutosha, na karibu hakuna aliyemjali. Bell alikuja kusema hayohayo mwaka 1966. Bell huyohuyo, ambaye hoja yake sasa inatajwa kama kaburi la Bohm, alikuwa mtetezi wake hodari!

Sisemi Bohm yuko sahihi. Mguso huo wa papo hapo unapatana kwa taabu na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, isiyoruhusu kitu kupita kasi ya mwanga, na Einstein mwenyewe hakuvutiwa na kazi ya Bohm. Mwandishi wenu akiikataa kwa sababu hizo, nitamwelewa. Lakini aseme ni yeye anayeikataa, asiwasingizie Aspect na wenzake. Naomba mchapishe sahihisho.

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma