Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: ukoka haujafa, umelala

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mwangaluka.

Yah: Nyasi za bustani za ofisi za umma

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mtunza bustani hapa mjini Tabora. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe nalo liko hadharani, kila apitaye barabarani analiona.

Kiangazi kimoja nilipewa bustani ya taasisi fulani, jina tuliache. Mkataba ulitaka nyasi za majani mapana, zile zinazotandazwa kama zulia, ambazo asili yake ni sehemu zenye unyevu huko Amerika. Eneo lilikuwa mita za mraba 1,000. Kwa jua la Septemba nilikuwa nikizipa maji ya kina cha milimita 5 kwa siku. Kijuujuu ni kidogo, lakini piga hesabu: ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20, kila siku, na huku mtaa wa pili akina mama wamepanga madumu bombani. Pampu ikafa. Siku ya tisa nyasi zikawa zinavunjika mkononi kama makapi. Tukang'oa, tukanunua nyingine.

Nje ya geti, pale vijana wa bodaboda wanapoegesha, palikuwa na ukoka. Wa kahawia, umekanyagwa, umemwagiwa oili. Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha, haikupita wiki mbili pakawa kijani kuliko ndani. Nilichimbua kwa jembe nione: chini kulikuwa na vishina vyeupe, vigumu, vyenye vifundo, vimejaa uhai. Hapo ndipo unapoficha akiba yake. Juu unakauka makusudi, chini unasubiri.

Tabora si jangwa, Mheshimiwa. Mvua yetu si haba, ila inakuja kwa mkupuo, Novemba hadi Aprili, kisha inatuaga. Ukoka umezoea mwenendo huo kwa sababu ni wa bara hili hili. Na wazee wetu walilijua hilo zamani. Ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe huingizwa kiangazi kikikolea, na sijasikia mzee aliyekwenda kumwagilia ngitili.

Ombi langu ni moja: zabuni za bustani za umma mkoani ziandike ukoka, na zikubali kwamba Agosti utakuwa wa kahawia. Najua hofu iko wapi. Mgeni wa kitaifa akija, nani anataka apigwe picha penye nyasi kavu? Basi kipande kidogo kando ya mlingoti wa bendera kimwagiliwe. Pengine pote paachwe palale.

Nisiufanye ukoka malaika. Ukiingia kwenye tuta la mchicha utalia, kwa hiyo usipandwe karibu na shamba bila mtaro wa kuuzuia. Kivulini haustawi, chini ya miembe yetu mikubwa hakuna haja ya kulazimisha, majani makavu ya mwembe yanatosha kutandika. Na wafyekaji waambiwe waache urefu wa vidole vitatu au vinne. Kila Mei naona wananyoa kipara hadi udongo unaonekana, halafu Juni vumbi linaingia madirishani na lawama anabebeshwa mfagizi.

Gharama yake ni ndogo. Vikonyo vyenye vifundo vitatu vitatu, vifukiwe nusu, nafasi ya futi moja, mwanzoni mwa Desemba ardhi ikishaloa. Uwanjani kwangu upo wa kutosha. Ofisi itakayokuwa tayari ilete gunia na jembe, asubuhi kabla jua halijawa kali, nitagawa bure.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza bustani,
Tabora.